Binti wa Tano kwenye Kasete ya Muyisa

Habari hii aliyenipa kwanza ni Lukumani, muuza kahawa, Jumapili tarehe 11 mwezi wa tisa 2022, majuma manne baada ya mambo yenyewe. Kisha nilimuuliza Lusenge, fundi, na Falonne, binti wa mjomba wangu Siméon. Pale wasipokubaliana, nitasema. Mimi ni mtoto wa Séphora, binti wa kwanza wa Muyisa. Kasete inayotajwa humu ilikaa katika sanduku la mama yangu mpaka alipokufa mwaka 2014, kisha ikaenda kwa Siméon. Juu ya yaliyokuwa ndani yake hakutuachia neno, na sisi hatukuwa na mashine ya kuisikiliza.

Kijiwe mambo yalipotokea ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya atelier ya Lusenge, anamotengeneza radio na pasi, katika Vulamba, mtaa wa Butembo. Lusenge wanamwita Docta. Lukumani wanamwita Tangawizi, kwa sababu ya kahawa yake inayochoma koo. Issaka, chauffeur, dereva wa njia ya Butembo na Beni, ni Kilometa: hakuna habari isiyomkumbusha safari. Mzee Apollinaire, ndugu mdogo wa marehemu Muyisa, ni Gouverneur. Nafasi yake ni mwisho wa ubao, kwenye kivuli, fimbo katikati ya magoti. Jumamosi ile, tarehe 13 mwezi wa nane, saa saba na nusu ya mchana, mbele yao kulikuwa na ampli, mashine ya kukuza sauti, ya zamani, yenye mbavu za mbao, imewekwa juu ya kiti cha plastiki. Ilikuwa imefungwa na deck ya kasete, bafle mbili za kutolea sauti na batterie ya gari. Siméon alikuwa amesimama. Falonne alikuwa ameketi, simu mkononi. Saa tisa wazazi wa Sadrack, mchumba wake, wangefika kutoka Lubero na mbuzi wa mahari.

Shida ilikuwa hii. Muyisa alikuwa na binti wa tano, Kyakimwa, aliyetoka nyumbani mwaka 1968, akiwa na miaka kumi na sita. Nyumba aliyoingia haikutajwa kamwe. Kwetu walisema tu, alienda pande za Lubero. Sasa nyanya yake Sadrack, ambaye alikwisha kufa, naye aliitwa Kyakimwa, naye alitoka pande za Butembo, na hakuwaambia watoto wake kwao ni wapi. Kama ni mtu mmoja, Falonne na Sadrack ni damu moja, na mbuzi hawawezi kupita mlango. Na kwetu mbuzi akishapita mlango harudishwi. Kumrudisha ni tusi. Mahali pekee palipobaki pa kuuliza ni kasete ile ya mwaka 1989, ambamo Muyisa anahesabu binti zake na nyumba walizoingia. Aliongea Kiswahili, ili mkwe wake wa Kindu aelewe. Lakini kila mara akifika kwa binti wa tano, sauti ilikatika.

— Tia tena, Siméon alisema.

— Papa Siméon, tulishaitia mara ine, Docta akajibu. Jana bafle ya kushoto ilikuwa inakatika hata na radio. Leo asubui nikafungua, nikakuta soudure moja, ile risasi yenye inashika waya, imepasuka sawa kisigino ya mulimaji. Nikaitengeneza. Sasa zinakatika zote mbili pamoja. Iyo haiko ugonjwa ya jana.

— Mais ukiipiga inarudia, Issaka alisema. Kitu yenye inasikia fimbo, iko na soudure mbaya. Hata gari yangu, ikikataa kuwaka, dawa yake ni nyundo.

— Gari yako ni maiti yenye haiyapata kaburi, Lukumani alisema, akimimina. Hapana ipime na kitu ya batu.

— Na kahawa yako? Ule mwenye anaikunywa anasahau njia ya kwake.

— Tia tena, Siméon alisema.

Docta alibonyeza. Kasete ilizunguka kutoka mwanzo, na sauti ya Muyisa ikatoka, nzito, bila haraka, kama mtu anayepanga matofali, mpaka ikafika kwa binti wa nne.

«Wa ine, Furaha, aliolewa Kyondo, kwa bafuga nyuki. Baliniletea mbuzi kumi na mbili na jembe mbili. Wa tano, Kyakimwa. Kyakimwa, ye alienda kwa…»

Kimya.

— Njo ile! Issaka aliruka, akashika waya ya bafle kwa mikono miwili. Minaishika! Minaishika!

Docta alizungusha kifungo cha volume kushoto na kulia. Gouverneur aliinua fimbo, akapiga ubavu wa ampli, pa, pa, pa, akisema kwa nguvu:

— Amuka, weye! Amuka!

«…wa sita, uyu tulimuzika na surua.»

— Munaona? Issaka alisema. Nilishika waya, ikarudia.

— Ni fimbo, Gouverneur alisema.

— Ni volume, Docta alisema. Ndani ya potensio, chini ya hii kifungo, kuko vumbi ya miaka makumi tatu. Nikizungusha, vumbi inatoka njiani.

Siméon alitoa saa mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Simu ya Falonne ikalia. Alisikiliza, akajibu maneno mawili tu, akaifunga.

— Banasema nini? baba yake aliuliza.

— Biko Musienene. Barabara iko na matope.

— Matope itatusaidia, Siméon alisema. Docta, sikia vizuri. Nikisikia jina ya nyumba, na ikiwa haiko yabo, mbuzi zitaingia na ngoma. Ikiwa ni yabo, nitasimama ku mulango mimi mwenyewe, nibarudishe. Na nisiposikia kitu, nitabarudisha vilevile. Siwezi kuozesha mutoto kwa kubahatisha.

— Papa, Falonne alisema.

— Sijasema kwa hasira.

— Najua. Njo maana naogopa.

Lukumani aliniambia kwamba kutoka hapo hata yeye aliacha kutania. Falonne anasema hapana, Lukumani hakuacha, na ushahidi ni maneno yafuatayo.

— Mimi naona hivi, Lukumani alisema. Bazee balisema, ukivulia maji nguo, sharti uoge. Sisi tulishavua nguo. Donc kasete ioshwe. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo.

— Uiguse uone, Docta alisema.

— Bon. Nilikuwa nasaidia.

— Mimi ninajua, Issaka alisema. Juzi ndege ilishuka ku Rughenda saa hizi hizi. Ndege ikipita inavuta. Ile sauti ya muzee inapanda, inafuata ndege. Halafu ndege ikienda, sauti inashuka. Kule Beni, mbele ya kilometa ya mwisho, telefone yangu inafanyaka vilevile.

— Leo ulisikia ndege?

— Kwani sharti niisikie? Ndege ya juu sana haisikike.

— Kilometa, unatuchosha.

— Basi nitasema ingine. Mutegemea cha ndugu anakufa maskini. Bazee balisema ivyo. Hizi bafle mbili zinakula ku batterie moja. Moja inategemea mwenzake. Upatie kila moja batterie yake!

Docta alikuwa ameinama, sikio karibu na mgongo wa ampli, vidole vyake vikigusa chuma kimoja baada ya kingine. Aliniambia baadaye kwamba hofu yake wakati ule haikuwa ampli. Alikuwa anaogopa kwamba soudure yake mwenyewe, ya asubuhi, ndiyo iliyoharibu, na kwamba ndoa ya watu ingevunjika kwa tone moja la risasi.

— Iko na moto, alisema mwishowe. Gusa hapa. Donc nimeelewa! Kutoka mwanzo ya kasete mpaka kwa uyu binti ni dakika sita. Ampli nayo inapata moto kwa dakika ngapi? Kwa dakika sita! Chuma ikipata moto inapanuka, soudure inafunguka, sauti inakatika. Njo maana ni palepale kila mara.

Wote walimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza neno la kijiweni kufanana na neno la shule.

— Na fimbo? Issaka aliuliza.

— Fimbo inaitikisa, inashikana tena.

— Kumbe nilisema.

— Uliongea juu ya ndege.

Walizima. Docta alichukua karatoni ya boksi, akapepea ampli kama mtu anayepepea mgonjwa. Walingoja dakika kumi na tano, Siméon alizihesabu. Katika dakika hizo Gouverneur, ambaye alikuwa amesema kidogo, alianza kusema.

— Mulishazika mutu, halafu munamuita arudi aseme jina. Mimi nilikuwa ndugu yake. Muyisa hakupenda kurudilia neno. Anakataa! Asiyesikia ya mukubwa anavunjika muguu. Siméon, baba yako anakuambia hapana, na weye unapepea na karatoni.

— Muzee, mufu hakatae kwa ampli, Siméon alisema.

— Unajua aje? Ulishakufa?

— Baba mudogo, weye ulikuwa mukubwa mwaka ule. Mimi nilikuwa na miaka munane. Kweli hukusikia alienda kwa nani?

— Alienda pande za Lubero. Nilishakujibu asubui. Chukua ile kasete uiweke ndani ya kaburi yake. Mungoje siku ingine. Mbuzi hazioze.

— Mimi ninaoza, Sokulu, Falonne alisema. Ndivyo tunavyomwita babu. — Niko na miaka makumi mbili na sita. Sadrack alishaningojea miaka ine, sababu ya barabara, sababu ya magonjwa, sababu ya bakora ya kila muzee. Leo ni sababu ya waya.

Gouverneur aliitazama ncha ya fimbo yake.

Saa nane na dakika ishirini Docta aliwasha. Ampli ilikuwa baridi. Safari hii hakuanza mwanzoni. Aliizungusha kasete mpaka karibu na mahali penyewe, ili moto usipate nafasi.

«…na jembe mbili. Wa tano, Kyakimwa. Kyakimwa, ye alienda kwa…»

Kimya.

— Haiko moto! Issaka alipiga kelele. Docta, haiko moto!

— Shika waya!

— Nimeshika!

Fimbo ilishuka, pa, pa, na mzee akakohoa kwa nguvu, mikohozi ya kifua chote. «…wa sita, uyu tulimuzika.»

Docta aliacha karatoni ikaanguka. Simu ya Falonne ikalia tena, naye hakuichukua. Iliita mpaka ikachoka.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yao, na hakuna aliyejua alifika saa ngapi. Jina lake Abigaïl, mfua nguo, alikuja kuchukua pasi yake aliyoiacha kwa Docta. Hakuwa mtu wa kijiwe na hakujua habari yoyote.

— Ba papa, mutanisamehe, alisema. Pasi yangu iliisha?

— Iko ku meza, mama. Chukua.

Hakwenda.

— Mais, juu ya nini munaipiga ivi?

— Sauti inakatika, Docta alisema. Tukiipiga inarudia.

— Na mukiiacha?

— Kuiacha namna gani?

— Kuiacha tu. Bila kuigusa. Hairudiake yenyewe?

Docta alimtazama Issaka, Issaka akamtazama Lukumani. Mara sita walikuwa wamesikiliza, na mara sita, sauti ilipokatika, kila mmoja aliruka na dawa yake. Katika watu sita hakuna aliyekuwa amengoja aone kama ugonjwa ule unapona peke yake.

— Bupumbafu gani ya kuiacha, Gouverneur alisema. Tulishapoteza saa.

— Tia tena, Siméon alisema. Hakuna mutu kugusa. Kilometa, mikono ku magoti.

— Na mimi niko mutoto?

— Ku magoti!

Docta alizungusha nyuma. Kisha akafanya jambo ambalo yeye mwenyewe hajui kwa nini alilifanya: alipandisha volume mpaka karibu na mwisho, akaondoa mkono.

«…Wa tano, Kyakimwa. Kyakimwa, ye alienda kwa…»

Gouverneur alianza kukohoa. Falonne aliweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, taratibu, na mzee akanyamaza.

Haikuwa kimya. Kwa volume ile walisikia mvua juu ya bati, mvua ya mwaka 1989. Walisikia mtu akivuta pumzi karibu sana na micro ya kurekodia. Kikombe kiliwekwa chini. Halafu, kutoka mbali, kutoka upande mwingine wa chumba, sauti ya pili, ya mtu aliyekuwa anasema chini ili isishikwe:

«Kaka. Uyu umuruke.»

Pumzi tena. Mvua.

«Wa sita, uyu tulimuzika na surua.»

Docta alibonyeza, kasete ikasimama. Ampli haikuwa na ugonjwa. Tangu asubuhi haikuwa na ugonjwa.

Sauti ile ilikuwa ya mtu mwenye nguvu, sauti ya miaka arobaini na minane, lakini mwishoni mwa neno ilikuwa inapasuka kidogo, na wote waliokaa kwenye ubao ule waliisikia sauti inayopasuka hivyo kila siku, ikiomba kikombe cha pili.

— Uyu mwenye anasema amuruke, ni nani? Abigaïl aliuliza.

Siméon alikuwa amegeuka kumtazama baba yake mdogo, na Lukumani anasema uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma barua.

— Kila mara uliipiga pale, alisema. Haukupiga pengine.

— Siméon.

— Kila mara. Na kukohoa.

— Nilizania mutachoka, mzee alisema.

— Alienda wapi? Falonne aliuliza. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mkono wa mzee. — Sokulu. Biko njiani. Alienda wapi?

Apollinaire alisema akitazama chini, na hakusema kwa kilio. Maneno yake, Docta na Falonne walinisimulia sawasawa, kwa hiyo nayaandika kama nilivyopewa.

— Mabalako. Haikuwa Lubero ata siku moja. Mu soixante-huit, mwaka ule Kyakimwa alitoka, nilikuwa chauffeur ya camionnette, gari ndogo ya muzigo, ya kaka. Kule Mabalako nilirudia nyuma bila kuangalia. Mutoto alikuwa ku roue, ku gurudumu ya nyuma. Ésaïe. Alikuwa na miaka munane, alikuwa anachunga kuku. Baba yake alikataa ngombe, alikataa mbuzi, alikataa nifungwe. Akasema, mulininyanganya mutu, munirudishie mutu. Bazee ba pande mbili bakakaa siku mbili. Siku ya tatu kaka alimutoa Kyakimwa. Alienda kwa miguu, nyuma yabo, na kitunga moja ku kichwa. Mimi nilirudi na camionnette.

— Na Lubero?

— Lubero ni upande ingine kabisa. Tulisema Lubero ili mutu asiende kumutafuta.

— Baba alikubali kusema uongo?

— Baba yako hakusema uongo. Alinyamaza. Umemusikia.

— Na leo, Siméon alisema, ulijua yule nyanya ya Sadrack ni mutu mwingine, na ungeacha mbuzi zirudie Lubero. Ungeacha uyu mutoto alie. Kwa haya yako.

Mzee aliilaza fimbo chini.

— Ndiyo, alisema.

Issaka, ambaye hakuna habari isiyomkumbusha safari, hakukumbuka kitu. Docta alikuwa ameshika bisibisi, akiizungusha kati ya vidole. Simu ililia mara ya tatu. Falonne aliitazama, kisha akamnyooshea baba yake.

— Allo, Siméon alisema. Ndiyo, ni mimi. Muko wapi? Mumeingia mujini. Siméon aliondoa simu sikioni, akamtazama mzee. — Utakuja, alisema. Utakaa mbele, pahali ya kaka yako. Mbele mbuzi ya kwanza ipite, utasema yote hii, kwa mudomo yako, na batu ba Lubero basikie, na bamama bote basikie. Jina ya Ésaïe pia. Ukiacha moja, nafunga mulango.

— Nitasema.

— Allo? Muko bado? Mukuje. Mulango iko wazi.

Falonne alisimama. Anasema alishika bega la Abigaïl, mwanamke asiyemjua, na Abigaïl akamwacha amshike. Kisha Abigaïl akauliza, kama mtu anayeuliza njia:

— Na uyo dada Kyakimwa, bado iko muzima?

Siméon alimtazama Apollinaire. Apollinaire alimtazama Siméon. Docta akatazama kasete. Miaka hamsini na minne ilikuwa imepita, Mabalako ilikuwa imepitia vita na ugonjwa, na watu wake walikuwa wamekimbia mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu, na kutoka Butembo ni safari ya siku moja.

Ninaandika haya mwezi wa tano 2025. Lukumani yupo, na bado anauza kahawa Vulamba. Lusenge yupo. Abigaïl yupo, hakuja tena kukaa kijiweni. Issaka sijui nimuandike wapi: aliondoka kwenda Beni mwezi wa kumi na moja 2023, gari lilipatikana njiani, yeye hatujamuona wala hatujamzika. Apollinaire alikufa tarehe 2 mwezi wa pili 2024, nyumbani, akiwa na miaka themanini na mitatu. Siku ile ya mbuzi alisema yote mbele ya watu, na jina la Ésaïe alilisema mara mbili, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia. Siméon yupo. Falonne na Sadrack wapo, Lubero, na wana mtoto mmoja.

Kyakimwa yupo. Tulimpata Beni mwezi wa kumi 2022, kwa wajukuu waliokimbia Mabalako pamoja naye. Ana miaka sabini na mitatu.